Shimo Lisilo na Alama

Mama Nyiramahirwe alipomuona Mama Nshobole anapanda njia ya mawe na kuku kwapani, alitamani arudi ndani afunge mulango. Lakini jirani alikuwa amekwisha kumuona.

"Usinikimbie, mama," Nshobole alisema, sauti ingali inakwaruza. "Mutu akikutoa kaburini, kwetu Bukavu tunamupelekea kuku. Huyu anataga."

"Rudi naye. Una watoto."

"Nikirudi naye ataniuliza amekosa nini hata afukuzwe."

Akamufunga kuku kwenye muguu wa kiti, akaketi. Nyiramahirwe alimutazama yule kuku, na kuku akamutazama yeye.

Siku tatu zilizopita, kabla jua halijatoka, Nshobole alishusha mbuzi wake wanne kwenye shimo la nyasi nyuma ya nyumba hii. Alikuwa ameomba ruhusa kwa mume wa Nyiramahirwe, naye mume hakujua neno juu ya hatari ya shimo. Tena ramani ya mashimo ya hatari, iliyobandikwa kwenye kanisa dogo, shapeli ya Keshero, haikuwa na nukta nyekundu pale. Mbuzi wakalala mumoja mumoja, wasiamke. Alipoinama kumuinua wa mwisho, akaanguka mulemule. Nyiramahirwe aliziba pumzi, akamufunga kitenge kiunoni, akamuvuta mpaka juu. Mutaa wote ulimusifu.

Ni mazuku, ile hewa nzito isiyo na harufu inayolala mashimoni kati ya mawe ya volkano. Inaanza kuua kilicho chini.

Mwezi wa sita alikuja Citoyen Mulumeoderhwa, aliyesomea mambo ya volkano, pamoja na Madame Odile wa Ubelgiji na muzee Mujaponi mwenye mashine. "Sisi tuna mashine, nyinyi muna macho," Mulumeoderhwa aliwaambia wamama. "Tuchange." Wageni wakafundisha kushusha taa ya petroli kwa kamba: ikizimika, mutu asishuke. Wamama nao wakafundisha wageni kutafuta panzi na ndege waliokufa asubuhi, na mahali mbuzi anapokataa kula. Kila mama akaonyesha shimo lake; lililozima taa likapigiliwa muti wenye rangi nyekundu na kutiwa nukta kwenye ramani, na habari ikaandikwa ipelekwe kwa watu wengine wanaoishi karibu na volkano kama yetu.

Nyiramahirwe alikuwa na sungura kumi na wawili. Musimu wa jua, nyasi mbichi zilibaki shimoni mwake tu. Aliogopa kwamba muti mwekundu ungemufungia mulango wa nyasi. Alijua toka zamani kwamba saa sita ya muchana upepo wa ziwa unafagia mazuku shimoni. Basi akawapeleka wageni saa sita. Taa ikasimama wima, inawaka, na mashine haikuona kitu. Madame Odile akaandika: hakuna. Zaidi ya hapo, wakamuchagua yeye awe mwalimu wa taa wa mutaa.

"Mulumeoderhwa atakuja Jumapili, siku ya Mungu," Nshobole alisema sasa. "Nitamwambia ile mashine yao ni mujinga. Imeniulia mbuzi."

Nyiramahirwe alikunja kitenge chake, akakikunjua.

"Mashine haina kosa. Ni miye niliwapeleka saa sita."

"Saa sita ina nini?"

"Saa sita upepo umekwisha kufagia. Nilijua."

Nshobole aliinama. Akamufungua kuku.

"Ulinivuta kwa mukono ulionisukuma," alisema, akashuka na kuku wake.

Kesho yake saa kumi na mbili ya asubuhi Nyiramahirwe aliita wamama wa mutaa. Hakungoja siku ya Mungu. Mutu mwingine angeweza kushuka kabla. Akashusha taa kwa kamba. Ilipofika usawa wa goti ikazimika, bila moshi mwingi. Akawaambia yote, saa sita na sungura. Mama mumoja akasema, "Na ndiye mwalimu wetu." Nyiramahirwe akaenda kuleta muti uliobakizwa na wageni.

Aliposhika muti mwekundu na jiwe la kupigilia, muti ukayumba. Udongo pale ni kidogo, chini ni mwamba. Mukono ukatokea pembeni, ukaushika. Ulikuwa wa Nshobole.

"Piga sawasawa," alisema. "Sijakusamehe. Nashika tu."

Nyiramahirwe akapiga.