Mgeni wa Mzee Alawi

Mama Restuta, mwenye duka, alikwisha sema: mwuzaji asiyejua anachokiuza hana tofauti na rafu. Mwezi ukiisha na Hija bado hajaweza kumwelekeza mteja, atatafutwa mwingine.

Duka lao la mvinyo lilikuwa Bagamoyo, kwenye barabara iendayo hotelini. Chupa za bei kubwa zilijiuza zenyewe. Shida ilikuwa rafu ya chini, ya mvinyo wa bei nafuu, mwingi wake wa Dodoma. Hapo wateja waliinama, wakashika hii, wakaiacha, wakashika ile, kisha wakamwuliza Hija ipi nzuri. Hija naye alitazama sakafu.

Hakuwahi kuonja hata tone, wala hakuwa na nia. Alikuwa binti wa kijiji cha Mkange aliyeachia shule darasa la tano, na shangazi yake Chausiku, aliyekaa naye, alikwisha nung'unika vya kutosha kwamba hata kuzipangusa vumbi chupa hizo ni dhambi. Kazi nyingine ilikuwa bado haijapatikana. Mama Restuta akamshauri aonje kijiko kimoja tu, kama dawa. Hija akakataa kwa upole, na tangu hapo wakawa wanasemeshana kwa mkato.

Aliyeijua rafu ya chini yote alikuwa Mzee Alawi wa Mji Mkongwe wa hapo hapo Bagamoyo, karani mstaafu wa bandarini. Kila wiki alikuja na kikapu cha ukili, akanunua chupa moja, akaifunika kwa mchicha. Mara ya kwanza alipomkuta Hija dukani, nusura ageukie mlangoni, maana alikuwa akisali safu moja na mume wa Chausiku. Akakohoa, akasema anamnunulia mgeni wake. Hija akamwambia karibu, akamfungia, na nyumbani hakusema neno. Mtu hamfunui mwenzake.

Sasa atamwulizaje? Kumwuliza mzee yule ladha ya mvinyo ni kumvua kanzu barabarani. Hija alilifikiria jambo hilo siku nzima, akipangusa rafu ile ile. Mzee alipoingia, Hija akamwamkia shikamoo, akaitikiwa, kisha akasema huku macho yake yakiwa kwenye mchicha:

"Mjomba, yule mgeni wako, chupa ya juzi aliionaje?"

Mzee Alawi akautazama mlango. Akamtazama Hija. Akatua kikapu chini.

"Hakuipenda. Anasema inakwaruza koo kama embe bichi lisilo na chumvi."

"Na ile ya kabla yake?"

"Ah, ile! Ile anasema ni zambarau zilizoiva, na mwishoni kabisa unasikia ukwaju. Ukiwa na pweza wa nazi, basi tena. Na kwa bei ile, mtu angedhani wamekosea. Lakini hiyo yenye kifuniko chekundu, usimpe mtu unayemtakia heri."

"Mgeni wako ana ulimi, mjomba."

"Amesafiri sana yule."

Wakaimaliza rafu nzima hivyo, chupa kwa chupa.

Haukupita muda akaja mama mmoja wa kamati ya harusi, akitafuta mvinyo wa kutosha meza zote bila kuifilisi kamati. Hija akamwuliza watapika nini, kisha akamweleza zambarau na ukwaju. Mama akachukua moja ya kujaribu. Kesho yake akarudi na gari kuchukua makasha.

Gari lilipoondoka, Mama Restuta akamwuliza kama hatimaye ameonja. Hija akasema hapana.

"Basi nani kakufundisha?"

"Mgeni mmoja."

"Mgeni wa nani?"

Hija akatazama sakafu. "Sikumwuliza, mama."

Mama Restuta alilijua duka lake, na alivijua vikapu vyote viingiavyo humo. Akacheka puani. Akaenda stoo, akarudi na chupa ngeni, akaiweka mbele ya Hija.

"Mzigo wa Dodoma umeingia, na hii sijui niipe bei gani. Mgeni wako akipita mpe, asilipe. Mwezi ujao unaniambia kasemaje."

Hija akaificha chupa chini ya kaunta, akatoka kwenda genge la jirani kununua mchicha.