Bakuli la Sikitu

Katika nyumba ya Mwalimu Stephano Ngonyani, mgeni hula kwanza. Hapakuwa na mtu pale Charambe, Mbagala, aliyehitaji kuelezwa jambo hilo. Watoto wanne walikulia ndani ya sheria hiyo. Walijifunza kumeza mate huku firigisi, ambayo kwa wengine ni haki ya baba, ikiwekwa kwenye sahani ya mtu waliyemwona kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Mama yao, Yustina, aliwahi kumpakulia fundi wa paa chakula chake mwenyewe, naye akashindia uji bila kulalamika. Mwalimu alikuwa amefundisha katika shule za misheni kwa miaka thelathini na minne, na aliamini kwamba adabu ni kama hesabu: haina majibu mawili.

Yustina alifariki mwezi wa Agosti kwa maradhi ya figo. Siku yake ya mwisho hospitalini hakutaja shamba la Peramiho wala watoto, ambao wote walikuwa watu wazima. Alisema neno moja tu: "Sikitu asilale nje." Mwalimu akaahidi, tena kwa kuinua mkono wa kuume, kama mtu aliye mbele ya hakimu.

Sikitu alikuwa paka jike wa rangi ya majivu. Yustina alimwokota mtaroni akiwa hajazidi kiganja, na alipoulizwa amebeba nini ndani ya kanga, alijibu, "Si kitu." Jina likabaki hapo. Baada ya maziko, mgane na paka waliishi pamoja bila maneno mengi. Sikitu alikula saa moja asubuhi katika bakuli la bati la buluu, kando ya mlango wa jikoni, kisha akalala kwenye kiti cha Yustina. Mwalimu hakumpapasa, kwani hakuwa mtu wa kupapasa. Lakini kiti kile hakukikalia, na mgeni yeyote aliyekielekea alionyeshwa kiti kingine.

Mwishoni mwa Machi mvua ilijaza maji chumba alichopanga binti yake wa mwisho, Jesca, kule Tandale. Jesca akarudi kwa baba yake na godoro, sufuria mbili, na tenga lililofungwa kwa kamba. Ndani ya tenga alikuwamo paka dume, mweupe mwenye mabaka meusi, shingo nene kama ya mbeba mizigo wa sokoni. Jina lake lilikuwa Braza. Mwalimu alilisikia jina hilo kama asikiaye kosa la sarufi kanisani.

Jesca alimwamkia, akaeleza kwamba daktari wa mifugo aliyemhasi Braza alimpa maelekezo. Paka wawili wasiojuana hawakutanishwi siku ya kwanza. Mgeni akae chumba cha nyuma, mlango umefungwa, kwa wiki moja au mbili, awe na chombo chake na mchanga wake. Kila mmoja asuguliwe kitambaa, na kitambaa kipelekwe kwa mwenzake, wazoeane harufu kabla ya kuonana sura. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, kwa maana kumkatiza mtu kauli nalo lilikuwa kosa. Kisha akasema kwamba tangu nyumba ile isimame, hakuna mgeni aliyefungiwa chumbani kama mwizi.

Akafungua tenga mwenyewe. Akaokota bakuli la buluu, akalijaza dagaa, akaliweka mbele ya Braza. Braza alipomaliza, Mwalimu alimnyanyua kwa mikono miwili na kumkalisha, kwa heshima zote, juu ya kiti cha Yustina. Sikitu alikuwa chini ya kabati la vyombo. Alitazama yote bila sauti. Mwalimu aliusifu ukimya ule, akasema paka wa Yustina amelelewa.

Ukimya haukuwa adabu. Braza alizoea kulala kwenye ujia, kati ya sebule na jikoni, mkia umenyooshwa ukutani, na Sikitu hakupita tena. Hawakupigana. Mmoja alilala tu njiani, na mwenzake akaacha kula, akaacha kunywa, akapungua mpaka uti wa mgongo ukahesabika. Siku ya nne Mwalimu alikuta Sikitu amekojolea kanzu yake ya kwaya. Alichukua fimbo akamchapa mara mbili, kwa kipimo, kama alivyokuwa akichapa darasani.

"Baba, hajakosa adabu," Jesca alisema. "Anaogopa. Mie naona tuwatenganishe hata sasa."

Mwalimu akajibu kwamba aliyekosa hupewa adhabu, na anayeogopa hujifunza ujasiri.

Jirani yao wa uani, Mzee Fakihi, aliisikia habari hiyo akaja na kigoda chake. Yeye alikuwa Mngindo na Mwalimu alikuwa Mngoni. Babu zao walipigana vita, wakaachia wajukuu utani, na utani una ruhusa ya kusema lile ambalo ndugu hathubutu.

"Nyie wa misheni mlikatazwa wake wawili," Fakihi alisema, "sasa umeoa wa pili kwa upande wa paka. Ukamkalisha bi mdogo kwenye kiti cha bi mkubwa, bila hata kumwarifu. Mwenzio nimezika wake wawili, Mngoni. Mabakuli ni mawili, vyumba ni viwili. Niulize mimi."

"Huyo ni dume, Mngindo."

"Basi ndiyo umezidi."

Jesca alicheka mpaka akashika ukuta. Mwalimu naye alitabasamu kidogo, lakini hakuuliza. Alichokichukua katika maneno yale ni kimoja tu, nacho alikichukua kombo: kwamba bi mdogo si mgeni tena, kwa kuwa ugeni una kikomo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na siku saba zilikuwa zimepita. Braza hakuwa mgeni tena. Alikuwa wa nyumbani, na wa nyumbani hula sinia moja. Jumapili baada ya misa alipasua samaki, akaweka nyama yote katika sahani moja pana, akambeba Sikitu kutoka chini ya kabati, akamshusha uso kwa uso na Braza.

Waliinuka kama kitambaa kimoja kinachoraruliwa. Jesca alipoingiza mikono kuwatenga, Sikitu alimparura toka kiwiko hadi kifundo cha mkono, damu ikachuruzika kwenye sakafu. Braza alikuwa amemng'ata Sikitu shingoni, jeraha dogo chini ya manyoya ambalo hakuna aliyeliona. Mwalimu aliona damu ya binti yake peke yake.

Akamshika Sikitu kwa ngozi ya kisogo, akamtoa nje kwa mlango wa jikoni, akafunga. Siku tatu, akasema, mpaka ajue kukaa na wenzake.

"Baba," Jesca alisema, kanga imezungushwa mkononi, "mama alikuomba nini?"

"Mama yako hakuniomba nilee utovu wa nidhamu."

Mvua ilinyesha siku zote tatu. Mchana wa kwanza Sikitu alikuja mlangoni akalia, na Jesca akafungua. Baba yake akatoka sebuleni, akafunga tena mwenyewe, bila hasira. Alikuwa ametamka siku tatu. Katika maisha yake hakupata kutoa adhabu akaipunguza, kwa sababu mwalimu akipunguza moja, watoto hawaamini tena hata moja. Siku ya pili sauti haikusikika. Mwalimu alikaa karibu na dirisha na kitabu cha sala mapajani, ukurasa ule ule tangu asubuhi.

Siku ya nne alifungua mlango, akamwaga dagaa katika bakuli la buluu, akaita. Hakupata kumwita kwa jina tangu mkewe afariki, na sauti ilimtoka vibaya. Jesca aliingia mtaani kuulizia nyumba kwa nyumba. Karibu na adhuhuri Fakihi alikuja kwa mlango wa uani, amebeba kitu ndani ya shuka lake la kuswalia. Alimkuta chini ya kuni zake, alisema. Shingo ilikuwa imevimba ikapasuka usaha, na mwili ulikuwa umekwisha kukakamaa.

Fakihi hakutania. Walimzika chini ya mpapai, Mwalimu akichimba mwenyewe, akikataa kupokewa jembe. Jesca alirudi ndani, akasikika akikunja nguo zake. Hakuwa na pa kwenda, naye alizikunja tu.

"Mtani," Fakihi alisema walipobaki wawili, "msibani mtani ana haki ya kutoza. Ningekutoza jogoo, ungelipa na kesho ukasahau. Nakutoza mdomo. Uende kwa mkeo ukamwambie, kwa sauti, mimi nikiwa shahidi."

Mwalimu alitazama udongo. Alikuwa amewatubisha watoto wa watu wengi mbele ya darasa, mmoja mmoja, akiwataka waseme kosa lenyewe na siyo visingizio. Akasema, "Ni haki."

Walikwenda kesho yake asubuhi kwenye makaburi ya parokia. Jesca alifuata hatua kumi nyuma, mkono umefungwa. Fakihi alisimama mguuni mwa kaburi, kofia mkononi. Mwalimu alisimama kichwani, penye msalaba wa saruji, mikono ikiwa imebanwa mapajani kama mwanafunzi.

"Yustina," alisema. Fakihi akangoja. "Yustina, bakuli la Sikitu nilimpa mwingine, na kiti chako nikampa mwingine. Alipoogopa nikamchapa. Nilimfungia nje siku tatu, mvua ikinyesha, na jeraha sikulitazama. Amekufa. Nilikuahidi, nami nikavunja."

Jesca alisogea, akasimama kando yake, asimguse.

"Nimesikia," Fakihi alisema. "Umelipa."