Udi wa Jumamosi

Anayesema harufu ya vifaa vya hoki ya barafu si kitu, na azifue glavu za golikipa kwa wiki moja tu, kisha aje tuzungumze. Jasho huingia ndani ya sifongo, sifongo haifuliki, haikauki, na msimu ukifika katikati chumba kizima hunuka kama banda la mbuzi wakati wa masika. Mwanamkasi alikuwa mtu wa Mkunazini, Unguja, mwanamke ambaye nyumbani kwake Newtown, mjini Birmingham, Uingereza, hata mapazia aliyafukiza. Alipopewa kazi ya kutunza vifaa vya timu alivumilia msimu mmoja. Msimu wa pili alikuja na chetezo.

Ligi yenyewe ilikuwa na misimu hiyo miwili tu. Ilikuwa mwaka 2005, mwezi wa Januari. Waliiita ligi ya kulipwa, ingawa Jumatatu wachezaji wake walirudi kuziba mabomba na kuendesha mabasi. Timu iliitwa Aston Anvils, na msimu wa kwanza ilifungwa mpaka mashabiki wa wageni wakaingiwa na huruma. Jumamosi ya kwanza jezi zilipofukizwa udi, wachezaji walikohoa, wakacheka, wakaingia kwenye barafu wakashinda. Jumamosi iliyofuata wakashinda tena. Nahodha, jitu la Kanada lililopungukiwa na meno mawili ya mbele, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo hakuna kuvaa jezi isiyonukia. Watu husema waganga wana mambo. Hawajakaa na wachezaji wa hoki.

Golikipa alikuwa Faisal, mtoto wake wa pekee, kijana wa miaka ishirini. Lawama ya hilo Mwanamkasi alijibebesha mwenyewe. Mumewe alipofariki alianza kusafisha vyoo katika uwanja ule ule wa barafu, Aston, na mtoto wa miaka minane hakuwa na wa kumwachia. Akamvisha viatu vya kutelezea ili atulie mahali anapomwona. Hakujua kwamba mtoto angekua akisimama golini na kutupiwa paki, kile kisahani cheusi cha mpira mgumu, kwa kasi ya gari la barabara kuu. Hakuwahi kumtazama akicheza hata siku moja. Mechi ikianza alijifungia chumba cha vifaa, katikati ya mashine za kufulia, na kila paki ilipogonga mbao za uwanja alisoma dua. Aliamini kwamba kitakachomuua mwanawe ni paki.

Kulikuwa na jambo jingine la kuogopa, na alishaambiwa. Fundi wa mitambo ya baridi alikuwa Sukhdev, Singasinga mzaliwa wa Kisumu, mtu wa miaka sitini aliyependa kuzungumza naye Kiswahili kwa sababu nyumbani kwake hakuna tena aliyekijua.

"Mama Faisal, nyuma ya hii ukuta kuna gesi ya amonia," alimwambia msimu ulipoanza. "Ndiyo inafanya barafu inashika. Ukisikia harufu kali kama mkojo, usingoje kuuliza mtu. Weka kitambaa na maji kwa pua, inama chini, toka. Hiyo kitu inaua."

Usiku ule Mwanamkasi hakupata usingizi. Lakini kuhusu kisanduku cheupe ambacho Sukhdev alikifunga mwezi huo huo juu ya ukuta wa ujia, kati ya chumba cha vifaa na chumba cha wachezaji, hakuuliza kitu. Cha nini aulize? Nyumbani anacho kama hicho, kinapiga kelele kila akikaanga samaki. Ni kengele ya moshi, na udi una moshi. Basi kila Jumamosi kabla ya kuwasha kaa, Faisal, kwa urefu wake, alinyoosha mkono akakivalisha kisanduku kofia ya nailoni ya kuogea ya mama yake. Mama akacheka, akasema Birmingham hata ukuta unajistiri. Baada ya mechi Faisal aliivua, na hakuna aliyejua.

Jumamosi hiyo kulikuwa na mpira wa miguu katika uwanja mkubwa wa jirani, na barabara zote za Aston zilijaa watu na magari. Wachezaji wenzake Faisal walipiga simu mmoja mmoja kusema wamekwama. Faisal alifika mapema kwa sababu alikuja kwa miguu na mama yake. Alikivalisha kisanduku kofia, akala ndizi mbili, akaingia chumba cha wachezaji kulala. Ilikuwa desturi yake kulala saa nzima kabla ya mechi juu ya benchi, muziki masikioni, na lile begi lake kubwa la golikipa limesukumwa nyuma ya mlango ili wenzake wasije wakamfanyia mzaha. Sukhdev alikuwa upande wa pili kabisa wa jengo, juu ya mashine ya kulainisha barafu.

Mwanamkasi akawasha kaa, akaweka vipande vitatu vya udi, akaanza kuzungusha chetezo chini ya jezi.

Baada ya muda kidogo akasikia harufu. Akazitazama glavu za Faisal kwa jicho baya. "Nyinyi mna mambo," akaziambia, akaongeza udi. Harufu ikatulia, au alidhani imetulia. Ikarudi. Akaongeza tena, safari hii na ubani juu yake, mpaka chumba kikafuka kama nyumba ya harusi. Macho yakaanza kumwasha, akasema ni moshi. Koo likamkereketa, akasema ni moshi. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika tano harufu ilipoanza, na ilionyesha saa tisa na nusu kaa lilipozimika.

Moshi ukapungua. Harufu haikupungua.

Alisimama na chetezo mkononi akivuta pumzi taratibu, na pumzi ya pili ikamchoma mpaka kifuani. Haikuwa glavu. Haikuwa jasho la mtu yeyote. Maneno ya Sukhdev yakamrudia yote.

Akafungua mlango wa ujia. Juu, pale mabomba yanapopenya ukuta, ukungu mwembamba mweupe ulikuwa ukitoka na kutandaa darini, ukielekea mlango wa chumba cha wachezaji. Ulienda polepole, na huo upole ndio uliomtisha zaidi. Alirudi ndani, akavua mtandio wake, akautumbukiza kwenye karai la maji, akajifunga pua na mdomo. Kisha akainama kama alivyofundishwa, akakimbia hadi mlangoni kwa mwanawe na kuusukuma.

Mlango ulisogea upana wa kidole, ukakataa. Begi.

"Faisal!" Akagonga kwa ngumi, kwa kiganja, kwa kiwiko. "Faisal, amka mwanangu. Amka baba."

Kupitia ule upenyo alisikia muziki wa vile vidude vya masikioni ukivuma kwa mbali. Mwanawe hakujibu. Alisukuma kwa bega, kisha kwa mgongo, miguu ikiteleza sakafuni. Mwanamke wa kilo hamsini na begi lenye nusu ya uzito wake, na nyuma ya begi mguu wa benchi. Aliogopa kiasi kwamba dua yenyewe ilimpotea, dua aliyoisoma kila Jumamosi kwa ajili ya paki. Kilichobaki mdomoni ni jina la mtoto.

Kelele. Alihitaji kelele kubwa kuliko yake. Akainua macho yaliyojaa machozi, akakiona kisanduku kimevaa kofia.

Hakukifikia. Aliruka mara mbili, bure, na kila akiruka kichwa kiliingia kwenye ukungu akashuka akikohoa. Fimbo za hoki zilikuwa zimepangwa ukutani. Akashika ile nene ya golikipa, akaipeleka juu kwa mikono miwili. Akakosa. Akajaribu tena, ncha ikanasa kwenye mpira wa kofia, akavuta. Kofia ikashuka pamoja na fimbo.

Kisanduku kikakaa kimya kwa pumzi moja. Kisha taa nyekundu ikawaka, na jengo zima likalia. Feni zikaanza kunguruma nyuma ya ukuta, na katikati ya kelele ile sauti ya mwanamke iliyorekodiwa ikawa inarudia kwa Kiingereza, bila haraka: gesi, tokeni nje, gesi, tokeni nje.

Mwanamkasi aliielewa sauti ile neno kwa neno. Alisimama akikitazama kisanduku alichokidhani cha moshi.

Nyuma ya mlango kitu kilianguka, mtu akakohoa, begi likaburutwa. Faisal akatokea na macho mekundu, ameziba mdomo kwa fulana. Mama yake akamvuta kichwa chini, akamfunika pua kwa upande mmoja wa mtandio, na wakatoka hivyo, wamefungwa pamoja na kitambaa kimoja, wakipapasa ukuta hadi mlango wa nyuma na manyunyu ya mtaani. Faisal alitapika kando ya mapipa ya taka. Kisha akavuta pumzi, akavuta nyingine, na mama yake akazihesabu mpaka akapoteza hesabu.

"I'm fine, Mum," akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Mum, I'm fine."

Sukhdev aliingia na kinyago chake cha kuzuia gesi, akafunga valvu, akatoka. Zimamoto wakaja baada ya kupambana na umati wa mpira. Wachezaji walianza kufika na mabegi yao, wakasimama barabarani. Ofisa wa zimamoto akawa anauliza maswali huku anaandika. Gesi ilianza kuvuja lini? Mtambo wenyewe ulionyesha presha imeshuka tangu saa tisa na dakika tano. Kengele ililia lini? Saa tisa na nusu na ushei. Ofisa akamtazama Sukhdev.

"Nimeipima leo asubuhi," Sukhdev akasema kwa Kiingereza, kisha akamgeukia Mwanamkasi na Kiswahili chake, kana kwamba ni yeye aliyeuliza. "Mama Faisal, nilipima na mkono yangu. Ilikuwa sawa. Pengine niliunga waya vibaya, sijui. Mimi ni mzee sasa." "Nilikuwa karibu kuua mtoto wako. Nisamehe, mama."

Mwanamkasi alikuwa na mkono mmoja mfukoni mwa koti. Humo ndani vidole vyake vilikuwa vimeikamata kofia tangu ujiani, na hakukumbuka lini aliiokota. Alimtazama Faisal. Faisal alikuwa ameshaelewa. Alitikisa kichwa kidogo sana kumwambia asiseme, jambo la mama na mwana. Hofu aliyokuwa nayo mlangoni ikamrudia kwa sura nyingine. Kazi yake ingekwenda. Nafasi ya Faisal ingekwenda. Pengine na polisi. Na hakuna aliyejua. Angesema tu, nimekusamehe, na mzee wa watu angekwenda nyumbani na kosa lisilo lake, alale nalo, afe nalo.

Marehemu mama yake alikuwa na neno moja kwa mambo yote ya kuficha: la kuvunda halina ubani. Na yeye, mjuzi wa ubani, alishinda alasiri nzima akijaribu.

Akaitoa kofia, akaiweka katika kiganja cha Sukhdev.

"Kengele yako haina kosa, Bwana Sukhdev," akasema. "Nilikifunika mie kile kisanduku, udi usije ukakiliza. Kila Jumamosi nakifunika. Nilidhani ni cha moshi."

Sukhdev aliitazama nailoni ile asiielewe. Kisha akaipeleka puani. Ilikuwa ikinukia udi.

Faisal akaja akasimama kando ya mama yake, bega kwa bega, akitetemeka kwa baridi.

"Mama hakifikii kile kisanduku," akamwambia ofisa kwa Kiingereza. "Ni mimi niliyekivalisha kofia."