Binti Aliyekataa Kuelewa

"Sijaelewa," alisema yule binti kwenye skrini, nami nikajua anadanganya.

Ilikuwa Ijumaa. Bosi wetu, ambaye ofisi nzima tulimwita Shwari kwa sababu hata jengo likiwaka moto angesema mambo shwari, alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono mmoja ameuegemeza kwenye kiti changu. Kila Ijumaa alikuja kumuuliza binti swali lile lile: umeelewa? Siku atakayojibu ndiyo, kazi yangu inahamia kwake huko ng'ambo, na mimi nakusanya vyangu. Ndivyo nilivyoambiwa. Na mwezi ule, jamani, mimi nilikuwa siwezi kukusanya vyangu.

Kampuni ilikuwa ya mafuta, lakini sisi wa ghorofani hatukuwahi kushika hata tone. Kazi yangu ilikuwa kulinganisha. Lori limepakia kiasi gani bohari, limeshusha kiasi gani kituoni, na kilichopungua njiani kimekwenda wapi. Mafuta yakipata joto hutanuka, yakipoa husinyaa, na madereva nao wana mikono. Ugali wangu ulikuwa kujua upungufu upi ni wa baridi na upi ni wa wizi. Niliifanya kazi hiyo mpaka nikaizoea kama mtu anavyozoea ngazi za nyumbani kwake gizani.

Halafu yakaja maneno ya kupanga upya. Walianza na wenzetu wa mishahara, wakaitwa mmoja mmoja kwenye kile chumba kidogo cha vioo. Tulijifunza dalili zake: asubuhi ukipita ukaona boksi la tishu limewekwa mezani mle ndani, ujue leo kuna mtu. Mtu akiingia, sisi wengine tunainamia kompyuta kama tunasali. Akitoka, hakuna anayeinua macho. Sifichi, kila aliyeitwa nilishukuru kwamba si mimi, hata alipokuwa yule mama wa mapacha aliyenifundisha kazi. Woga hauna haya.

Kisha nikaitwa mimi. Shwari akanivutia kiti.

"Wewe bado tunakuhitaji," alisema. "Kuna binti utamfundisha."

"Mpaka lini?"

"Mpaka aelewe."

Sasa, mume wangu ni fundi makochi. Hana mwajiri, na bima yake ni ile ya kwangu tu. Daktari alikuwa ameona uvimbe nyuma ya sikio lake, ndani kabisa, akasema utolewe kabla haujagusa pabaya. Foleni ya chumba cha upasuaji ilikuwa ndefu, tukapewa nafasi katikati ya mwezi. Na kadi ya bima hufa siku ile ile kazi inapokufa. Nilimweleza mume wangu jambo hili jikoni, akajipapasa sikio. Kisha akasema, "Waambie wakishafungua waongeze na sponji, kichwa kimeanza kubonyea." Nilicheka, halafu nikaenda kuoga wakati nilikuwa nimeshaoga.

Nilimwomba Mungu aniletee mjinga. Akaniletea moto wa kuotea mbali. Binti wa watu alikuwa na uso mwembamba na miwani mikubwa, nyuma yake safu za wenzake wamevaa visikilizio masikioni. Tulizungumza kwa lugha ya kampuni, isiyokuwa ya mama yake wala ya mama yangu. Aliniuliza kwetu dada anaitwaje, nikamwambia, tangu hapo ikawa dada, dada. Nikieleza kitu, anakimaliza yeye. Nikimpa lori lililopungukiwa, anaangalia hali ya hewa ya siku ile kabla sijamwambia aangalie. Kila alipopatia, nilihesabu siku zilizobaki kabla ya upasuaji.

Nikaanza mwendo wa kinyonga. Nilimfundisha historia ya bohari. Nilimfundisha rangi za malori. Siku moja akavua miwani, akasogea karibu na kamera.

"Dada, mbona unanizungusha?"

Nikamwambia. Sikuwa nimepanga, hofu ikijaa humwagika yenyewe. Nilimwambia habari za sikio, za kadi, za foleni. Alisikiliza bila kupepesa, kisha akatazama nyuma yake na kushusha sauti.

"Na sisi huku tunapimwa. Asiyeelewa upesi anarudishwa kwao."

Nilikwenda nyumbani nikijiona mpumbavu wa mwisho. Mpini nimemkabidhi yeye, mimi nimeshika makali.

Ndipo ikaja ile Ijumaa.

"Hujaelewa nini?" Shwari alimuuliza.

"Hii habari ya baridi," alisema binti, sauti ya unyenyekevu. "Inanichanganya."

Habari ya baridi alikuwa ameielewa tangu wiki ya kwanza. Shwari alicheka, akasema mambo shwari, akaondoka. Mimi na binti tukatazamana. Sikuweza hata kumshukuru, maana kikao cha Ijumaa kilikuwa kinarekodiwa upande wa kwao au wa kwetu, na hatukujua upi. Nikafungua lori jingine, tukaendelea.

Ijumaa iliyofuata hakuelewa tena. Nami nikawa na hofu mbili badala ya moja. Usiku nilimwota mume wangu, mchana nilimwogopea mtoto wa mtu nisiyejua hata jina la ubini wake. Na mambo yakikataa yanakataa kweli: katikati ya mwezi ilipofika presha ya mume wangu ikapanda, daktari akaahirisha mpaka siku za mwisho za mwezi. Nilipomwambia binti, alifunga macho kidogo tu.

Ijumaa iliyofuata, hakuwa peke yake. Nyuma yake alisimama mwanamume mwenye tai, naye ameegemeza mkono kwenye kiti chake. Nyuma yangu Shwari. Viti viwili, mikono miwili.

"Leo ndiyo mwisho," alisema yule mwenye tai. "Kama hajaelewa, tutaweka mwingine."

"Umeelewa?" Shwari akauliza.

Binti alilamba midomo. Nilikuwa nimeshamjua, nikaona neno linavyopanda kooni. Alikuwa anakwenda kusema hajaelewa. Alikuwa anakwenda kujimaliza mbele yangu, kwa ajili ya sikio la mtu asiyemjua. Nikamwahi.

"Ameelewa yote niliyomfundisha," nilisema. "Ila sijamfundisha kufunga hesabu za mwezi. Na mwezi haufungwi kabla haujaisha."

Mkono wa Shwari ulikaza kwenye kiti. "Hukusema hivyo mwanzo."

"Hukuniuliza."

Nilikuwa nasikia mashine ya hewa ikivuma juu ya vichwa vyetu. Wangeweza kusema ataelewa mwenyewe mbele ya safari, wakanipa tishu zangu. Ni yule mwenye tai aliyetuokoa bila kujua. Alisema kwao hawapokei kazi nusu nusu, wataingoja ifungwe.

Mume wangu aliingia chumba cha upasuaji mimi bado mwajiriwa. Nilikaa kwenye benchi la korido nimeibana kadi kiganjani mpaka ikaniachia alama. Alipozinduka, aliuliza nani anamlisha paka. Hapo ndipo nilipolia.

Siku ya kufunga mwezi nilifungua mdomo nieleze hatua ya kwanza, kumbe binti yuko ya tatu. Aliifunga kazi nzima bila kuuliza swali, vidole vinakimbia, upungufu wa baridi huku, wa wizi kule. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyowahi kuwa mimi. Nilimtazama mtu akiyaishi maisha yangu vizuri kunizidi.

"Niko sawa, dada?"

"Uko sawa."

Shwari akauliza, binti akajibu ndiyo, na skrini ikazimwa.

Miaka imepita. Mume wangu hasikii vizuri upande ule mmoja, na huutumia vizuri sana kila nikimtuma dukani. Mimi naandika hesabu za watu wa vipuri. Wiki iliyopita simu iliita kwa namba ndefu ya nje, nikasikia ile sauti.

"Dada. Leo wameniletea wangu."

Alinieleza kazi inapelekwa kwingine, mahali pa bei rahisi kuliko kwao. Nikamuuliza kama ni mwepesi, huyo anayemfundisha.

"Mwepesi mno. Ameshaniuliza mbona namzungusha."

"Na wewe una nini?"

"Nina mimba, dada. Yenye matatizo. Daktari hataki nikose hospitali hata wiki moja, na kadi yangu ni ya kazini."

"Mwambie, basi. Mwambie kama nilivyokuambia mimi."

"Nikimwambia," alisema polepole, "halafu Ijumaa akasema ameelewa?"

Nikabaki nimeishika simu, naye hakukata.