Mkono wa Kocha Iwakiri

Kabla ya Februari ile, hakuna mtu aliyeheshimiwa mjini kwetu Uranose kama Sadao Iwakiri, na heshima yenyewe ilitokana na kuchechemea kwake. Ujanani alikuwa mkimbiaji wa timu ya kiwanda chetu cha saruji. Mfupa wa wayo ukamvunjika katikati ya zamu yake, naye akaendelea kukimbia juu ya huo mfupa uliovunjika mpaka akamfikishia mwenzake ukanda. Hakukimbia tena maishani. Wayo uliunga ukiwa umepinda. Akipita sokoni, wazazi walikuwa wakiwaonyesha watoto wao: mwanamume ni yule pale. Kiwanda kikamfanya kocha, na sote tukaona ni haki yake.

Mbio zetu ni za watu saba. Barabara inafuata bahari, inapanda milimani, inateremkia upande wa pili wa kisiwa chetu cha Kyushu, na ukanda unahama kutoka kifua hadi kifua tangu asubuhi mpaka alasiri. Ni ukanda wa nguo, unavaliwa begani na kukatisha kifua, na anayeupokea anaupokea umelowa jasho la waliomtangulia. Wetu ulikuwa wa kijivu, na wake za wafanyakazi ndio walioushona. Timu ikishindwa kuufikisha, watu hawasemi imeshindwa. Wanasema ukanda umekatika, kwa sauti ile ile wanayotangazia msiba.

Na sheria moja haina mjadala: mkimbiaji akianguka, hakuna wa kumshika. Akiguswa tu, timu nzima imetoka.

Mwaka ule zamu ya tano, ile ya mlimani, alipewa Toshiya, mtoto wa Genzo Kuwahata, mfanyakazi wa tanuru la kiwanda. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye maneno mengi, na hatujapata kuona mtu anayepanda mlima kama yeye. Siku chache kabla ya mbio, Kocha Iwakiri alimwona akishuka ngazi za bweni kwa uangalifu mno. Akamuuliza kama muundi wa mguu wa kushoto unamuuma. Toshiya akaruka ruka kwa mguu ule ule ukumbini, mbele ya wenzake, huku anacheka.

"Huu ukikatika, Kocha, ninao mwingine."

Wenzake wakaangua kicheko. Kocha hakucheka, lakini hakumwondoa. Aliyekuwa akiba hakuwa mtu wa milima, na Genzo alikuwa ameshawaalika ndugu zake wote hadi wa visiwa vidogo vya mbali.

Zamu ya sita ilikuwa ya Munetaka Ebihara. Huyo alikuwa amekaa akiba miaka na miaka, akibeba makoti ya wengine na kuwakanda misuli, mpaka vijana wakazoea kumwita Kaka Makoti. Umri wake wa kukimbia ulikuwa umefika mwisho, na safari hii ndipo alipopata nafasi, ya kwanza na ya mwisho. Asubuhi ya mbio mkewe alimpikia wali wa maharage mekundu, chakula cha sherehe, na akawapelekea majirani pia.

Siku ile mvua ilichanganyika na theluji. Toshiya alipokea ukanda tukiwa wa nne, na kabla ya kufika kwenye handaki juu ya mlima tulikuwa wa pili. Sisi tuliosimama kwenye mteremko, upande wa pili wa handaki, tulisikia redio ikitaja jina la kiwanda, tukakumbatiana na watu tusiosalimiana nao siku za kawaida.

Alipotoka handakini alikuwa anakimbia vizuri. Kisha mteremko ukaanza, na kila aliposhusha mguu wa kushoto mwili wake wote ulipinda. Akaanza kurukaruka. Akashika vyuma vya pembeni mwa barabara, akajivuta. Timu moja ikampita, ikampita nyingine. Vyuma vilipokwisha, akaanguka, akajaribu kuinuka, akaanguka tena, akaanza kutambaa.

Kutoka pale aliweza kumwona Ebihara. Barabara ilikuwa imenyooka mpaka chini, na Ebihara alikuwa ameshavua koti, amesimama kwenye mstari na mkono wake ameunyoosha mbele.

Gari la kocha lilisimama nyuma. Iwakiri akashuka, akaanza kutembea kando ya kijana, akichechemea. Upande wa pili Genzo akatoka katikati yetu, naye akatembea. Watu wawili wazima wanatembea, katikati yao kijana anatambaa, na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kumfuta hata pua. Magoti yalishachunika. Mguu wa kushoto alikuwa anauburuta, na chini ya goti ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi.

"Usiniguse," Toshiya alisema bila kuinua kichwa.

"Genzo," Iwakiri akasema, "mfupa umekatika. Uangalie ulivyokaa."

"Nauona. Mwache, anafika."

"Hafiki na mguu."

"Na wako je, haukukatika?" Genzo akamjibu. Hakufoka. Alisema kama mtu anayeomba. "Ulifika, hukufika? Mwache na mwanangu afike."

Sisi tulikuwa tunapiga makofi kwa mpigo, tukimtia moyo. Nataka hilo lijulikane. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anataka Kocha amguse.

Iwakiri alitembea naye kidogo zaidi. Halafu akainama, kwa shida ya ule wayo wake, akaweka kiganja mgongoni mwa kijana, katikati ya mabega.

"Basi, mwanangu. Imetosha."

Makofi yakafa. Toshiya alijitikisa kama mnyama anayetua mzigo, lakini mkono ulishamgusa. Akajikunja juu ya lami, akaukumbatia ukanda kwa mikono miwili ili asivuliwe. Sasa kila mtu alikuwa na ruhusa ya kumshika, na hakuna aliyesogea. Genzo aligeuka, akapanda mlima kwa miguu, akatuacha.

Kule chini msimamizi alimwambia Ebihara atoke kwenye mstari. Alitoka. Akavaa koti lake, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, akapanda ule mteremko aliokuwa amepangiwa kuuacha nyuma. Ndiye aliyemshika Toshiya miguuni wakati wa kumwingiza garini. Hakumsemesha yeye, wala Kocha.

Daktari alieleza kwamba mfupa ungesogea kidogo tu zaidi, ungekata mshipa, na pengine mguu usingeokolewa. Fumie, mke wa kocha, alijaribu kulisema jambo hilo dukani kwa muuza samaki. Yule bwana akamfungia samaki wake vizuri, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Hatukuuliza habari za daktari, mama," akamwambia.

Iwakiri aliacha ukocha kabla hajaambiwa aache. Kiwanda kikampa kazi ya kufagia ghala. Jioni alikuwa akienda kwenye bafu la pamoja la mtaa kama sisi sote, na akiingia kwenye maji ya moto, waliokuwamo walikuwa wanakumbuka shughuli zao. Mmoja anatoka, na mwingine anamfuata, hadi anabaki peke yake na mvuke. Jioni moja Ebihara aliingia, akaketi ng'ambo ya lile bwawa la kuogea, maji shingoni. Waliokuwa wanavaa nje walisikia Iwakiri akianza kumwomba radhi, na Ebihara akimkatiza.

"Sijaja kukusamehe, Kocha. Maji ni ya wote."

Wakakaa mpaka vidole vikakunjamana. Baada ya siku ile Ebihara alikuja mara nyingi, na hakutoka hata siku moja kwa ajili ya kumkwepa, lakini neno jingine hawakubadilishana.

Toshiya alipona. Majira ya kuvuna mpunga alianza kukimbia kwenye tuta la mto, na waliokuwa mashambani walisimama kumtazama, kwa sababu hatua zilikuwa zile zile. Tukaanza kuhesabu mwaka ujao. Lakini katika mbio za majaribio alisimama katikati ya mlima, mzima, pumzi bado anazo, akakaa pembeni. Wiki iliyofuata akasimama tena. Kocha mpya alimtukana, akambembeleza, akampeleka kwa mganga anayetibu kwa kuchomeka sindano nyembamba. Haikusaidia. Mwaka huo hakupangwa, na timu ikamaliza ya mwisho. Mwaka wa pili yake kiwanda kikaivunja. Bei ya saruji ilikuwa imeanguka na tanuru moja limezimwa, kila mtu alijua hilo, na bado mtu ukimuuliza alikwambia ni ule mkono.

Ndipo Toshiya akaenda nyumbani kwa Iwakiri, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Fumie aliweka chai akajitenga chumba cha pili, na yeye ndiye aliyesimulia baadaye yale aliyoyasikia.

"Mguu ni mzima, Kocha," Toshiya alisema. "Watu wanadhani naogopa mfupa. Siogopi mfupa. Nikianza kuumia, nausikia mkono wako mgongoni. Nasimama mwenyewe, kabla hujaniambia imetosha."

Fumie alisikia kikombe kikisogezwa mkekani.

"Nataka kujua kitu kimoja. Uliniokoa mimi?"



"Ningekuwa muungwana ningekwambia ndiyo," Iwakiri akasema. "Sijui, Toshiya. Nilikuona unatambaa, wayo wangu ukaanza kuuma kama siku ile. Nilishindwa kuangalia."

"Kwa hiyo siku yenyewe haikuwa hata yangu."

"Ningekugusa tena."

"Najua," Toshiya akasema. Akainama, kwa adabu kamili, kichwa mpaka kwenye mkeka, akaondoka na chai yake haijaguswa.

Majira ya kuchipua Iwakiri na mkewe walihamia mji wa dada yake Fumie, bandarini, mbali na barabara ya mbio. Hakuna aliyewaaga. Ebihara peke yake alifika asubuhi na mapema, akabeba kabati upande mmoja na Iwakiri upande mwingine, wakalipakia, akajipangusa mikono akaenda zamu. Tulimwona tukiwa madirishani.

Toshiya siku hizi anaendesha lori la saruji, analipitisha lile handaki karibu kila siku. Ana watoto wawili. Wanasema kwenye michezo ya wazazi shuleni hukataa kukimbia hata mita hamsini, hukaa kwenye turubai akigawa mayai ya kuchemsha. Genzo haketi naye.

Mbio bado zinapita kwetu kila Februari. Sisi hatuna timu. Tunasimama pale mteremkoni tukiwapigia makofi watoto wa watu wa miji mingine, na mmoja wao akianza kuyumba, makofi yetu yanaongezeka.