Nani Atawalaza Wanawake?

Nimechoka. Nakwambia mapema usije ukasema Bi Masika ana kisirani. Mwaka wa kumi na tisa huu nasimama upande wa kichwa cha mgonjwa katika chumba cha upasuaji, hapa hapa Pemba, namtia nusukaputi, naangalia pumzi zake mpaka akatwe, ashonwe na afumbue macho. Mgongo unaniuma na miguu imevimba, na kazi yenyewe naipenda.

Kilichonichosha ni fomu. Kila mwaka kituo chetu kinapata nafasi moja ya mtu kwenda Dar es Salaam kusomea shahada ya nusukaputi, na anayerudi nayo anapanda cheo. Nimejaza mara tatu. Mara tatu wamekwenda wanaume, na wote watatu nimewafundisha mimi namna ya kushika taya la mgonjwa ili ulimi usimzibe koo. Wawili wa kwanza walipandishwa wakahamishiwa Unguja; wa mwisho wao ni Nassor. Alipokuwa mwanafunzi wangu akiniita Dada Masika. Aliporudi akawa mkuu wa kitengo, nami nikawa Bi Masika. Haya, si kitu. Lakini mwaka huu waliandika kwamba mwombaji awe chini ya miaka arobaini na mitano, na yangu inatimia Disemba. Nisipokwenda sasa ndiyo basi tena. Siku ya mwisho ya kupeleka fomu Unguja ilikuwa Alhamisi, na bila ya sahihi ya Nassor haipokelewi.

Jumatatu nikampelekea ofisini. Akanikaribisha vizuri, akamuulizia mama yangu na presha yake, akaisoma fomu yote. Kisha akaisukuma ikarudi upande wangu wa meza.

"Bi Masika, ukenda wewe, nani atawalaza wanawake?"

Maneno yale yale niliyoambiwa mara zote tatu na wakuu waliomtangulia. Kwetu pana mtindo, haukuandikwa popote: mgonjwa mwanamke analazwa usingizi wa nusukaputi na mwanamke. Na mwanamke kwenye kazi hii ni mimi peke yangu. Zamu yangu ikiwepo naja, isipokuwepo naitwa. Nimeitwa nikiwa harusini Pujini hina haijakauka. Nimeitwa siku ya pili ya matanga ya baba yangu, nikaenda, maana mama mwenye uchungu hawezi kungoja khitma. Yuko Silima, kijana niliyemsomesha mwaka mzima, mkono wake mzuri kabisa, lakini akiletwa mwanamke yeye anakaa kwenye benchi la nje. Daktari anayempasua tumbo mwanamke huyo huyo ni mwanamme, na hilo halimshughulishi mtu. Utaelewa wewe, mie sijapata kuelewa.

Nassor akanieleza kwa upole kwamba kina mama wa Pemba hawakubali. Akanitolea mfano wa Bi Zuweina, mgonjwa wa Jumatano, aliyekuja na mawe kwenye nyongo. Watu wa nyumba zile za Waarabu wa zamani, akasema, waliokuwa na mashamba, stara kwao jambo zito. Na mimi, mjukuu wa mchuma karafuu aliyetoka bara, nikatikisa kichwa kukubali. Niliamini hivyo hivyo. Nikaichukua fomu yangu nikatoka, na nakwambia kweli, hata hasira sikuwa nayo, nilikuwa nimechoka tu.

Jumanne nikapita wodini kuwaona wagonjwa wa kesho yake, kama ilivyo desturi: una meno ya kubandika, una pumu, umepata kupasuliwa kabla. Silima nyuma yangu amebeba mafaili. Bi Zuweina alikuwa amekaa kitandani amejifunga ushungi mweupe, mtu wa miaka sitini na kitu, mwembamba, macho makali. Nikamuuliza yangu yote. Mwisho nikamwambia lile ninalowaambia wote.

"Usiwe na wasiwasi. Atakayekulaza ni mimi, mwanamke mwenzio. Huyu kijana hataingia."

Akamtazama Silima, akanitazama mimi.

"Nani kakwambia mie simtaki?"

Nikababaika. Nikamwambia ndivyo wanavyotaka kina mama wote. Akaniuliza, kijana mwenyewe mkono wake vipi? Nikasema kweli, kwamba mzuri, na kwamba nimemfundisha mimi. Akavuta ushungi wake mbele.

"Mie nilitolewa skuli nina miaka kumi na minne," akasema. "Mwalimu alipokuja nyumbani wakamwambia, Zuweina mwenyewe hataki kusoma. Nimo ndani nasikia. Sikuulizwa. Leo na nyinyi mnanisemea tena. Mwanangu, mie nataka kuamka. Nifunikeni vizuri, akinilaza huyu akinilaza yule, niamke."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda chake, kitu ambacho hatutakiwi kukifanya. Aibu iliyonishika siku ile siisahau. Maana mtindo ule, ukiutafuta mwanzo wake, ni mimi. Nassor aliukuta. Nilipoanza kazi nilikuwa mwanamke pekee kati ya wanaume wanne, hakuna anayeniona mtu, na siku moja nikamwambia mama mmoja aliyekuwa akitetemeka, usiogope, mwanamme hataingia. Akanishika mkono akanibusu. Nikaona raha. Nikamwambia na wa pili, na wa tatu, mpaka ikawa sheria, na wanaume wakafurahi kupunguziwa kazi. Miaka kumi na tisa sikumuuliza mwanamke hata mmoja. Nilipenda kutakwa, basi, ndio ukweli wake.

Nikainuka nikawauliza wote wodini, kitanda kwa kitanda. Walikuwa saba pamoja na Bi Zuweina. Mmoja akasema ananitaka mimi tu, na hiyo ni haki yake. Mmoja akasema amuulize mumewe kwanza. Watano hawakuona tabu yoyote, ilimradi wafunikwe na awepo nesi mwanamke karibu. Silima alikuwa akitazama sakafu muda wote, masikio yamemwiva.

Jumatano aliyemlaza Bi Zuweina ni Silima. Mimi nilisimama ukutani. Alipokuwa akiingiza mpira kooni, mikono yangu ilitaka kuruka yenyewe, nikaifumbata kwapani. Akaingiza mara moja, kifua kikapanda na kushuka sawasawa. Nassor aliingia katikati ya kazi, akatuona, akasimama pale mlangoni na barakoa yake, akatoka.

Mchana nikamfuata. Akaniuliza nimemkubalisha vipi bibi yule. Nikamwambia nimemuuliza. Nikamwambia na habari za wale wengine wa wodini, na kwamba kosa la kwanza lilikuwa langu. Kisha likamtoka la moyoni, na nikamshukuru kwa hilo.

"Tuseme kina mama wamekubali. Silima ni mmoja. Ijumaa na sikukuu nani atapigiwa simu?"

"Wewe," nikamwambia. "Una shahada."

Hakucheka, wala mimi sikucheka. Nilimuona naye macho yamemwingia ndani kwa uchovu, na nilimhurumia, lakini fomu sikuiondoa mezani. Akatia sahihi. Nikaipeleka mwenyewe kwa anayekwenda nayo Unguja, nikarudi wodini kumuangalia Bi Zuweina.

Alikuwa keshaamka, sauti imekauka. Aliponiona akaniashiria nisogee. Nikainama, nikijua ananishukuru, nimeshazoea.

"Yule kijana yuko wapi?" akasema. "Niitie nimwombee dua. Mkono mwepesi, hata sikuhisi kitu." Akanitazama vizuri. "Na wewe, kwani ulikuwemo?"

Nikamwambia ndiyo, nilikuwemo. Iliniuma, wallahi, iliniuma kuliko mara zote tatu nilizokosa nafasi. Nikamuwekea shuka vizuri, nikaenda kumwita Silima.