Vijiti Viwili vya Polikarp

Polikarp alikuwa fundi seremala wa Bombambili, na vitanda vyake vilikuwa havilii hata walale watu wanne. Milango alitengeneza, viti alitengeneza. Jeneza, hapana. Mteja akilitaja tu, fundi alianza kutafuta penseli iliyokuwa sikioni mwake.

Watu walijua sababu, maana Bombambili hakuna siri. Miaka mitatu nyuma mama yake alipofariki, walimletea kijiti kilichokatwa kwa urefu wa marehemu. Alikiegemeza ukutani, akaenda kwanza kunywa komoni, pombe ya kienyeji, eti kujipa moyo. Aliporudi hakukigusa, alikata mbao kwa kukisia. Jeneza likatoka fupi, na waliomlaza mama wakalazimika kumkunja magoti. Kijiti, ambacho kwa desturi fundi hukitupa kaburini, kikabaki karakanani. Polikarp alikichomeka darini juu ya meza ya kazi, akawa anakitazama kila siku.

Baadaye aliacha pombe, na haikuwa kazi ndogo, kwani biashara ilikuwa imeachiwa huru na kila kona ilifunguliwa grosari ya bia, moja ukuta kwa ukuta na karakana yake. Alimaliza miezi kumi na minne bila tone. Kanisani walimsifu. Sifa zile zilimchoma, kwa kuwa aliona wanamsifu mtu mwingine.

Asubuhi moja ya mwaka 1993 dada yake Lidwina alishuka kutoka Matogoro na kijiti kibichi mkononi. Mama mdogo Walburga, mdogo wa mama yao, alikuwa amefariki. Polikarp alimwelekeza kwa fundi mwingine, hodari kuliko yeye. Lidwina akaketi kwenye gogo, wala hakuonyesha dalili ya kuondoka.

"Dada, mikono hii unaijua," Polikarp alisema.

"Naijua. Mimi ndiye niliyemkunja mama magoti. Nililia mwaka mzima, nikakusamehe. Sasa nimechoka kukusamehe peke yangu."

Polikarp akachukua mbao. Alipima kwa kijiti mara tatu, kisha hofu ikamshika, akaongeza shubiri nzima. Lidwina aliiona alama ya penseli.

"Huyo unayempimia si mama mdogo," alisema taratibu. "Mama mdogo alikuwa mfupi."

Polikarp alisimama na msumeno mkononi, machozi yakimdondoka. Ilikuwa kweli. Shubiri ile alikuwa anamwongezea mama yake, miaka mitatu baadaye, ndani ya jeneza la mtu mwingine. Marehemu angeteleza huku na huku njia nzima ya makaburini, na fundi asiyelewa angeharibu msiba kama alivyouharibu mlevi. Akaifuta alama, akakata palepale kijiti kilipoishia.

Kesho yake Walburga alilala sawasawa, miguu imenyooka. Walimzika kando ya dada yake. Fundi alipoitwa atupe kijiti, Polikarp alitoa viwili, na watu wakaanza kunong'ona.

"Mama mdogo, mfikishie dada yako kipimo chake," alisema kwa sauti ya kusikika. "Mwambie siku ile nilikuwa nimelewa. Mwambie pombe nimeacha, na kujiadhibu nako leo nimeacha."

Akavidondosha vyote viwili, akavua koti, akashika koleo pamoja na wenzake.